2023: Kila Goli Lilikuwa na Bei, Shabiki Je?

Mwaka ndo huo unafunga. Huko mitandaoni kila kurasa sasa hivi ni "bora wa mwaka": mchezaji bora, wimbo bora, couple bora, hadi chawa bora. Watu wanapigiana kura, wanatukanana kidogo, kesho wanarudi kucheka pamoja. Ndo raha ya Desemba.

Lakini kuna mtu mmoja hayupo kwenye orodha yoyote. Hana tuzo, hana followers, na hata wale waliokuwa naye siku hiyo hiyo, mahali pale pale, wengi hawamjui jina. Alikwenda Kwa Mkapa Mei 28 kuangalia fainali, akafia kwenye msongamano.

Kabla ya kufika kwake, acha kwanza mwaka wenyewe upite, maana 2023 haukuwa mwaka mdogo.

MWAKA ULIVYOANZA

Januari 3, mama wa taifa aliruhusu tena mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa, ambayo ilikuwa imezuiwa tangu 2016. Watu wakatoka, wakapanda majukwaani, wakaongea mpaka sauti zikakauka. Hiyo peke yake ilitosha kuufanya mwaka uwe wa stori.

Februari ikaja nyingine ambayo hata bibi asiyejua offside aliielewa. Kila goli ambalo Simba na Yanga watafunga kwenye mechi za CAF linanunuliwa milioni 5. Kitaa kikaibatiza jina siku hiyo hiyo: goli la mama. Kuanzia hapo mechi za kimataifa zikawa zinaangaliwa na kikokotoo mkononi. Yanga wakampiga Mazembe 3-1, milioni 15. Machi 18 Simba wakawashushia Horoya wa Guinea 7-0, milioni 35 kwa dakika 90. Kesho yake Yanga nao wakawafunga Monastir wa Tunisia 2-0. Ndani ya wikiendi moja timu zote mbili za Kariakoo zikawa zimetinga robo fainali za Afrika. Lini iliwahi kutokea hiyo? Hata wale wazee wa vijiweni wanaodai mpira uliisha zamani siku hiyo walikosa la kusema.

Aprili 28 Simba wakatolewa na Wydad kwa penalti kule Casablanca, baada ya kila mmoja kushinda 1-0 kwake. Siku mbili baadaye Yanga wakawa nyumbani na Rivers United wa Nigeria, na hapo likatokea la aibu: taa za uwanja zikazimika mechi ikiendelea. Mpira ukasimama. Dunia nzima inaangalia giza. Yanga wakapita kwa ushindi wa ugenini, lakini lile giza halikupita kimya. Maofisa wa uwanja wakasimamishwa kazi fasta.

Shika hiyo ya taa, itarudi.

MEI 28

Bei ya goli ikapanda. Nusu fainali ikawa milioni 10. Fainali ikawa milioni 20. Mwarabu wa Algeria akaja Dar, USM Alger, na jiji likageuka kijani na njano. Waliokuwa na jezi walivaa, wasiokuwa nayo waliazima. Kuna mastaa ambao miaka yote hawajui hata namba ya jezi ya kipa, siku hiyo walikuwa VIP wakijipiga selfie. Yule msanii anayejiita Simba damu naye alionekana na skafu ya njano, eti "siku ya taifa". Sawa, ilikuwa siku ya taifa kweli.

Matokeo kila mtu anayakumbuka. Wageni wakatangulia. Yule mshambuliaji Mkongo, mzee wa kutetema, akasawazisha dakika ya 82. Uwanja ukalipuka, na dakika mbili baadaye wageni wakarudisha ukimya. Ikaisha 2-1. Juni 3 kule Algiers Yanga wakashinda 1-0 kwa penalti ya mapema, kipa wao Mmali akadaka penalti ya wenyeji, na bado kombe likabaki kule kule kwa sababu ya goli la ugenini. Watu walilia kitaani. Hata baadhi ya Makolo waliuma mdomo wakasema "mmepambana".

Sasa fanya jaribio dogo. Muulize mtu yeyote kijiweni goli la pili la USM Alger liliingia dakika ya ngapi. Atakujibu bila kufikiri. Muulize nani alipoteza mpira kabla ya lile goli, atakuchorea na mchoro chini kwa kijiti. Halafu muulize: siku ile nani alikufa?

Atakuangalia.

Taarifa ya serikali ilitoka: mtu mmoja amefariki, 30 wamejeruhiwa, kwenye msongamano wa watu waliokuwa wanaingia uwanjani. Watu wakaandika RIP, wakaweka emoji ya mikono, wakashuka chini kidogo kwenye simu wakarudi kubishana kuhusu goli la ugenini. Wiki haikuisha, pole zote zikawa zimehamia kwa wachezaji waliokosa kombe.

Na hapa hasemwi mtu vibaya. Mpira una haki yake ya kuumiza. Ila kuna kitu hakijakaa sawa pale ambapo goli lina bei inayojulikana nchi nzima, halafu mtu aliyelipa nauli na tiketi kwenda kulishangilia anabaki kuwa "mmoja".

SHABIKI NI NANI HASA

Mchukulie shabiki wa mzunguko. Sio wa VIP A anayeshushwa na gari lenye kiyoyozi. Huyu wa mzunguko ni dogo wa saluni Mbagala, ni mama wa maandazi Buguruni, ni konda aliyemwachia mwenzake gari. Mechi ni jioni, yeye saa tano asubuhi yuko barabarani. Daladala imejaa. Akifika Temeke anakuta foleni isiyo na kichwa wala mkia. Kadi yake ya N-Card anayo, tiketi kalipia, lakini mbele hakuna anayemwambia geti gani limefunguka na lipi limefungwa. Nyuma wanasukuma. Ndani anasikia kelele, anadhani mechi imeanza. Naye anasukuma.

Hakuna hapo mtu mbaya. Kuna watu elfu nyingi na njia nyembamba. Msongamano hauhitaji fujo ili uue. Watu wakibanana kiasi kwamba mkono haunyanyuki, mtu anakosa pumzi akiwa bado amesimama, na yule wa nyuma kabisa anayesukuma hata hajui kinachotokea mbele.

Na hii nchi inalijua hilo. Machi 21, 2021, watu walikwenda Uwanja wa Uhuru kuuaga mwili wa hayati Rais Magufuli. Polisi walitangaza watu 45 walikufa kwenye msongamano wa siku hiyo. Uhuru na Mkapa ni majirani, ukuta kwa ukuta. Arobaini na tano! Miaka miwili baadaye, upande wa pili wa ukuta, mwingine.

Nje ya nchi mambo ni yale yale. Januari 24, 2022, kwenye AFCON ya Cameroon, watu wanane walikufa nje ya uwanja wa Olembe, na rais wa CAF mwenyewe alikiri kulikuwa na geti lililofungwa wakati lilitakiwa liwe wazi. Agosti 25 mwaka huu huu, Antananarivo kule Madagascar, watu wasiopungua 12 wakafa kwenye mlango wa uwanja siku ya ufunguzi wa michezo ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Wote hao walikuwa wanaingia. Hata hawakufika kwenye viti.

NCHI ILIKUWA NA MENGI

Atakuja mdau atasema: mwaka ulikuwa na mambo makubwa, mlitaka watu washinde wanalia kwa ajili ya geti?

Ni kweli yalikuwa makubwa. Juni 10 Bunge lilipitisha makubaliano ya bandari na Dubai, na nchi ikapasuka kama siku ya dabi. Hawa wanasema imeuzwa, wale wanasema imekombolewa. Watu ambao hawajawahi kuiona hata meli wakawa wanasheria wa mikataba. Familia zikaacha magrupu ya WhatsApp. Mahakama Kuu Mbeya ikatupa kesi Agosti, Oktoba 22 mikataba ikasainiwa Dodoma, na mjadala ukahamia kwenye mgao wa umeme, maana hata kibanda umiza kilikuwa kinaonyesha nusu ya mechi, nusu nyingine unasimuliwa na aliye na bando.

Mpira nao haukulala. Septemba 7 Taifa Stars wakatoa sare ya 0-0 ugenini Algeria, pointi ikatosha, wakafuzu AFCON kwa mara ya tatu baada ya 1980 na 2019. Septemba 27 CAF ikatangaza AFCON ya 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania, ya kwanza ukanda huu tangu Ethiopia 1976. Oktoba 20 ligi mpya ya Afrika ikafunguliwa hapo hapo Kwa Mkapa, Simba na Al Ahly 2-2, wakubwa wa FIFA wamekaa jukwaani. Novemba 5 ikaja ile siku ambayo Mnyama hapendi itajwe: 5-1. Kocha Mbrazili akafungashiwa virago siku mbili baadaye, na namba tano ikawa tusi. Mtu akikuuliza saa ngapi ukamjibu "saa tano", ugomvi.

Desemba 3 ikawa nzito. Matope yakashuka kutoka Mlima Hanang yakaifunika Katesh, zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Siku hizo hizo Twiga Stars wakamtoa Togo kwa jumla ya 3-2 na kufuzu WAFCON, ya kwanza kwao tangu 2010. Dada wa watu wamefanya kazi ya miaka 13, na kwa sababu za msiba na kwa sababu ya mazoea, shangwe ikawa ndogo. Waliotrendi wiki hiyo kwa michezo bado walikuwa wanaume wa tano-moja.

Kwa hiyo ndiyo, mambo yalikuwa mengi. Lakini angalia kitu kimoja. Kwenye Hanang watu walihesabiwa kijiji kwa kijiji, waliopotea wakatafutwa, serikali ikaenda, michango ikatoka hadi kwa wasio nacho. Hiyo ndiyo Tanzania ikiamua kuona watu. Kwa nini uwanjani iwe ngumu kuona mmoja?

TAA NA GETI

Hapa ndo ile ya taa inarudi.

Aprili 30 taa zilizimika kwa muda. Hakuna aliyekufa. Watu waliaibika, na aibu ilitosha kuwasimamisha watu kazi na kuanzisha uchunguzi. Safi kabisa, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kila mtu alijua taa zina mwenyewe.

Geti je, lina mwenyewe? Mwenye uwanja ni serikali. Mechi ni ya klabu. Mashindano ni ya CAF. Tiketi zinauzwa kwa mfumo. Ulinzi ni wa polisi. Ikija sifa, wote hao wanapanda jukwaani pamoja, picha moja, tabasamu moja. Likija jeneza, kila mmoja ana wa kumwangalia. Taa zikizima kamera inaona. Geti likibana kamera iko ndani inaangalia wachezaji wakipasha misuli.

Ndiyo maana swali la kudai 2024 lisiwe nani alaumiwe. Lawama kitaani zipo za kutosha, hazijawahi kuongeza hata geti moja. Swali ni dogo na linajibika: siku ya mechi kubwa, nani mmoja, mwenye jina na namba ya simu, ana mamlaka ya kusema "chelewesheni mechi, watu wanabanana nje"? Kama jibu lipo, litangazwe. Kama halipo, hapo ndo pa kuanzia.

"MASHABIKI WENYEWE NDO TATIZO"

Hii hoja ipo na isikwepwe. Kuna mashabiki wanakuja bila tiketi wakitegemea vurugu ziwaingize. Kuna wanaofoji. Kuna wanaokaa kwenye mabaa ya nje mpaka dakika kumi kabla ya mpira halafu wanataka kuingia wote kwa mkupuo. Hao wapo na wanawaponza wenzao.

Lakini wapo kila nchi. Uwanja unajengwa na kuendeshwa kwa kujua hao watakuja. Tiketi zikaguliwe mbali, barabarani huko, sio pale pale mlangoni, ili asiye nayo arudi kabla hajafika kwenye msukumano. Njia za kuingilia zitenganishwe kwa vizuizi, mtu ajue yake. Mageti yafunguliwe mapema na yote yafunguliwe. Kina mama, watoto na wenye ulemavu wawe na mlango wao. Uwanja ukijaa, itangazwe kwa spika na kwa SMS, maana hiyo mifumo inayotuma meseji za promosheni saa tisa usiku haishindwi kutuma moja ya kuokoa mtu. Na gari la wagonjwa liwe na njia ambayo hajapaki bosi wa mtu.

Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji miujiza. Mkapa una viti elfu 60 na umefunguliwa tangu 2007. Sio uwanja mpya wa kujifunzia.

Na wale wanaosema "ni mmoja tu kati ya elfu 60": mmoja huyo ana kwao. Kuna nyumba walimuaga mchana akiwa na jezi, usiku wakapigiwa simu. Kwa hiyo nyumba hakuna hesabu ya asilimia.

GOLI LA MAMA LIENDELEE

Isieleweke kwamba goli la mama ni baya. Wachezaji wamepata motisha, ndege ya serikali imepeleka timu hadi Algiers, mpira umeheshimiwa na ikulu kuliko miaka mingi nyuma. Iendelee, na ikiwezekana wimbo huo huo uimbwe kwa Twiga Stars kwa sauti ile ile.

Kinachodaiwa ni kiasi kidogo cha mapenzi hayo hayo kishuke kutoka kwenye nyavu kwenda mlangoni. Mtu aliyetoa milioni 20 kwa goli moja la fainali hawezi kuonekana mbahili kwa shabiki. Ni suala la kukumbushwa tu. Na wa kukumbusha ndo hawa hawa wenye bando, waliotrendisha 5-1 kwa mwezi mzima bila kuchoka. Nguvu wanayo. Mastaa pia, wale wa selfie za VIP: posti moja tu kuhusu geti, kati ya zile mia za jezi, haitapunguza dili.

Januari Stars wanakwenda Ivory Coast, kundi moja na Morocco, Congo na Zambia. Kila la heri. Wakirudi, kalenda itakuwa inasoma 2027 kwa karibu zaidi. Watakuja wageni kutoka Afrika nzima, watapanga foleni Temeke kama yule dogo wa saluni. Wengine watakuwa na watoto mabegani. Viwanja vipya vinatajwa, Arusha imo, na vitakuwa vizuri. Kila kimoja kitakuwa na mageti.

Na kabla ya huko kote, kuna kitu cha bure ambacho klabu inaweza kufanya mwakani. Mei 28 ikifika, mechi yoyote iliyo karibu na tarehe hiyo, jina lake lisomwe kwenye spika za uwanja. Lisomwe jina kamili na anakotoka, halafu mpira uanze. Na Simba nao wakiwa ndo wenye mechi, walisome wao. Itakuwa mara ya kwanza kwa wengi kulisikia.

Haya wadau, Makolo na Utopolo, ugomvi mweke pembeni kidogo leo. Aliyekuwepo Kwa Mkapa siku ile, geti lake lilikuwaje? Uwanja wa maoni uko wazi hapo chini. Matusi hayapiti.